Mitoo: mboga ya maua ya njano unayoweza kupanda kando ya nyumba yako

Mgao wa chakula unapopungua, mboga ndiyo ya kwanza kukosekana kwenye sahani. Kitalu kidogo cha mitoo kando ya nyumba kinaweza kukupa majani ya kupika kwa miezi mingi.

Mitoo ni mmea wa asili wa Afrika. Magharibi mwa Kenya, Wajaluo huuita mitoo na Waluhya huuita miro. Kusini mwa Tanzania, aina yake moja hujulikana kama marejea na hupandwa ili kurutubisha shamba. Kama umetoka Kongo au Burundi na umezoea lengalenga au sombe, waulize majirani wenyeji. Huenda baadhi wanaifahamu na wakakupa mbegu.

Kuna aina mbili zinazoliwa. Moja ni chungu, na maua yake ya njano yana mistari myekundu. Nyingine si chungu sana, na maua yake ni ya njano iliyopauka.

Tahadhari kabla ya kupanda

Mimea ya jamii hii ni mingi, na baadhi yake ina sumu inayoharibu ini. Usichume porini mmea usioujua kwa sababu tu una maua ya njano. Chukua mbegu kwa mtu anayeila mboga hiyo nyumbani kwake. Kula majani na machipukizi machanga tu, usile mbegu, na usiwape mifugo maganda yenye mbegu.

Kupanda

Chagua mahali penye jua na pasipotuama maji. Lima vizuri, changanya udongo na samadi iliyooza. Mbegu ni ndogo, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane. Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 30, mwaga mbegu, kisha zifunike kwa udongo kidogo, kama sentimita 1. Miche ikifika urefu wa kidole, ipunguze ibaki sentimita 15 kati ya mche na mche. Uliyoing'oa unaweza kuipika.

Sehemu kavu kama Kakuma na Kalobeyei, panda kwenye kitalu kilichochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili maji yasitiririke. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Maji uliyooshea mboga au nafaka yanafaa kumwagilia, ila yasiwe na sabuni nyingi.

Kutunza na kuvuna

Palilia mapema, kwa sababu mitoo huanza kukua polepole. Baada ya wiki 8 hivi, kata shina kuu sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Usiling'oe. Machipukizi mapya yatatoka pembeni, nawe utavuna tena kila baada ya wiki 2 hivi. Mmea ukianza kuchanua, kata vichwa vya maua ili uendelee kutoa majani. Penye unyevu wa kutosha, mitoo inaweza kuishi zaidi ya msimu mmoja.

Viwavi hupenda kutoboa maganda. Waokote kwa mkono asubuhi. Usipulizie dawa wakati wa maua, kwani nyuki ndio wanaosaidia mmea kutoa mbegu.

Kupika

Chemsha majani hadi yalainike. Uchungu hupungua ukichanganya na mrenda au kunde, kisha ukaongeza maziwa au karanga zilizosagwa.

Mbegu na udongo

Acha mimea 3 au 4 yenye afya ichanue bila kukatwa. Maganda yakiwa ya kahawia na yakilia ndani ukiyatikisa, yamekomaa. Yavune kabla hayajapasuka, yakaushe, pepeta mbegu na uzihifadhi kwenye chombo kikavu pamoja na majivu kidogo.

Mmea ukizeeka, ukate na uufukie palepale. Mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini na kupunguza minyoo fundo, hivyo nyanya au mahindi yatakayofuata yatanufaika.

Kama unataka kulima nje ya kiwanja ulichopewa, zungumza kwanza na mwenye ardhi au kiongozi wa eneo. Na ukipata mbegu nyingi, mgawie jirani. Mwaka ambao zako zitaharibika, utajua pa kuomba.