Bulabo

Bulabo ni sikukuu ya ngoma za Wasukuma inayofanyika Bujora, eneo la Kisesa, katika wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, Tanzania. Huadhimishwa wakati wa kipupwe, kwa kawaida mwezi Juni, mavuno yakiwa yamekwisha na wakulima wana nafasi ya kucheza.

Kwa Kisukuma jina hilo lina maana ya maua. Linatokana na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo katika Kanisa Katoliki, ambapo njia ya maandamano ya Ekaristi hupambwa kwa maua. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyeanzisha kituo cha Bujora pamoja na Makumbusho ya Wasukuma, akazipa ngoma za wenyeji nafasi katika maisha ya parokia.

Mashindano yenyewe ni ya zamani kuliko misheni. Wachezaji wamegawanyika katika pande mbili, Wagika na Wagalu. Kadiri ya masimulizi, pande hizo zilianzishwa katika karne ya 19 na Ngika na Gumha, waganga wawili walioshindana nani ana dawa yenye nguvu zaidi.

Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Kinachoamua ni miguu ya watazamaji: kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho mshindi. Kwa sababu hiyo kuchekesha ni silaha. Wachezaji huingia na chatu au fisi hai, huvaa mavazi ya ajabu, huchezesha vinyago na kubuni vituko ambavyo wapinzani hawakuvitarajia. Manju naye hutunga nyimbo za kumkejeli mwenzake wa upande wa pili, na utani huo unaweza kuwa mkali kwelikweli. Kikundi chenye ngoma safi lakini kisicho na kituko kinaweza kujikuta kinajichezea chenyewe.

Zamani ushindi haukuhesabiwa kuwa wa ustadi peke yake. Wachezaji walitumia samba, yaani dawa ya kuvuta watu, na aliyeshindwa aliweza kudai kwamba amezidiwa dawa, si uchezaji. Ndiyo maana kuziingiza ngoma hizo katika sikukuu ya Ekaristi halikuwa jambo dogo: wamisionari wengi waliziona kuwa upagani mtupu.