Jabari na Aljebra: Mzizi Mmoja, Njia Mbili

Masikioni mwa Mswahili, maneno jabari na aljebra hayana udugu wowote. La kwanza ni sifa ya shujaa na pia jina la mtoto. La pili ni tawi la hisabati ambalo wanafunzi wengi hulihofu. Hata hivyo, yote mawili yanatokana na konsonanti tatu za Kiarabu, j-b-r, zinazobeba dhana mbili: kuunga kilichovunjika, na kushurutisha.

Dhana ya kuunga ndiyo iliyoingia katika sayansi. Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kuhusu hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Kwake, al-jabr ilikuwa hatua moja tu: kiasi kilichotolewa katika upande mmoja wa mlinganyo hurejeshwa kwa kuongezwa pande zote mbili, mlinganyo ukawa mzima mithili ya mfupa uliounganishwa. Tashbihi hiyo haikubuniwa na wanaisimu. Katika Kihispania, algebrista alikuwa pia mganga wa kuunga mifupa, na Cervantes anamtaja mmoja katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyochapishwa mwaka 1615. Kitabu cha al-Khwarizmi kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145. Neno likazunguka Ulaya, hatimaye likafika Afrika Mashariki kwa Kiingereza cha shuleni. Irabu e ya aljebra ni alama ya safari hiyo.

Jabari halikupitia Ulaya. Al-Jabbar ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Binadamu akiitwa jabbar, aghalabu Kiarabu humlaumu kwa udhalimu. Ndiyo sababu Mwislamu huitwa Abdul-Jabbar, yaani mja wa al-Jabbar, kama alivyojiita mcheza mpira wa kikapu Kareem mwaka 1971. Kiswahili kikaigeuza lawama kuwa sifa, na kwa maana hiyo ya Kiswahili Wamarekani Weusi wamewapa wana wao jina Jabari.

Kulisahihisha aljebra liwe aljabra, ili udugu uonekane, kungekuwa kuifuta historia yake. Kiswahili kilikopa maneno. Mzizi wenyewe ulibaki Uarabuni. Kiarabu huzalisha maneno kwa kubadili irabu baina ya konsonanti, ilhali Kiswahili kilibandika kiambishi chake cha Kibantu, kikapata ujabari.