Upimaji wa pawasaplai za kompyuta

Upimaji wa pawasaplai ni uchunguzi wa kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani, ambao ni mkondo geu, kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3 unaohitajiwa na kompyuta. Fundi wa Beni au Butembo, mashariki mwa Kongo, aliyejifunza kazi kwa Kifaransa hukiita alimantasyo. Yanayopimwa ni ufanisi, kelele na joto, na yote matatu yana chanzo kimoja: umeme unaopotea kisandukuni hugeuka joto, joto huamsha feni, feni hupiga kelele.

Ufanisi ni uwiano wa wati zinazotoka kwa wati zinazoingia. Kompyuta inayotaka wati 200 huvuta wati 250 ikiwa ufanisi wa pawasaplai ni asilimia 80. Ukiwa asilimia 90, huvuta 222. Tofauti ya wati 28 yaonekana haba, lakini joto linalomwagika kisandukuni limeshuka kutoka wati 50 hadi 22. Eringeti, mji mdogo ulio kwenye barabara ya taifa namba 4, karibu kilomita 60 kaskazini mwa Beni, ni mahali pa kuifanya hesabu hii kwa betri. Mwenye duka la fotokopi anayetegemea sola atapoteza, kwa saa 8 za kazi, karibu amp-saa 19 za betri ya volti 12 kwa ajili ya wati hizo 28, na hapo inveta bado haijachukua sehemu yake.

Alama inayojulikana zaidi ni 80 PLUS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004. Sharti lake la kwanza lilikuwa ufanisi usiopungua asilimia 80 pawasaplai inapobebeshwa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake. Baadaye ziliongezwa ngazi za Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Gold, kwa mfano, hudai asilimia 87, 90 na 87 kwenye volti 115. Kongo hutumia volti 220, na hilo ni heri kwa mtumiaji, kwa kuwa mkondo unaoingia hupungua karibu nusu na ufanisi hupanda kwa asilimia moja au mbili. Joto la chumba haliko upande wake. Vipimo hivyo hufanywa kwenye nyuzi 23 hivi, na mchana wa Eringeti huzidi hapo bila shida.

Jambo jingine ambalo kibandiko hakisemi ni mzigo mdogo. Kompyuta ya ofisi iliyotulia huweza kutumia wati 40 tu. Ukiipa pawasaplai ya wati 600 kwa sababu namba kubwa inapendeza, itafanya kazi chini ya asilimia 7 ya uwezo wake, ambako hata Titanium, inayoanzia kupimwa kwenye asilimia 10, haijaahidi chochote. Wanunuzi wengi hukosea hapa.

Maabara hutumia mzigo wa kielektroniki unaorekebishwa kwa kompyuta. Fundi asiye nao anaweza kutumia balbu za taa za mbele za gari. Balbu moja ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6, kwa hiyo nne hutoa mzigo wa wati 220. Pawasaplai huwashwa bila kompyuta kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Balbu ziwashwe moja moja: uzi ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, na zikiwashwa zote kwa pamoja kinga ya kisanduku hudhani kuna shoti na kuzima. Volti 12 zisishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6, na mawimbi yake madogo, yanayoonekana kwa osiloskopu tu, yasizidi milivolti 120. Upande wa kuingilia utumie mita ya wati. Kuzidisha volti kwa ampea hudanganya, hasa kwa visanduku vya zamani. Umeme wa kupimia uwe uleule wa kazi, kwani baadhi ya pawasaplai nzuri huvuma au kujizima zikilishwa na inveta ya bei rahisi yenye wimbi la ngazi. Kisanduku kisifunguliwe ovyo: kapasita kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya plagi kuchomolewa.

Kelele hupimwa kwa desibeli, kwa kawaida umbali wa mita moja, katika chumba kilichokingwa na sauti za nje. Cybenetics, kampuni ya Cyprus, huipa kelele daraja lake pekee, mbali na ufanisi. Jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba, kipimo hicho hakina maana. Kifanyike usiku, kwa betri.

Joto ndilo linaloamua umri. Kapasita za elektroliti huandikwa nyuzi 85 au 105, na kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Butembo kuna baridi, ila mji uko juu ya mita 1,600, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya pwani.

Kwa kiwango kikubwa, suala la ufanisi liko Luviro, katika teritori ya Lubero. Tangu mwaka 2020 umeme wa kituo cha maji cha Hifadhi ya Virunga, chenye uwezo wa megawati 14.6, umeendesha huko mashine za kuchimba bitcoin zilizowekwa kwenye makontena, wakati wateja wa kuutumia wote hawajapatikana. Kila mashine ina pawasaplai. Kwa kila megawati, asilimia moja ya ufanisi ni kilowati 10.

Kompyuta iliyotumika Amerika ya Kaskazini, ikifika sokoni Butembo, itazamwe mgongoni kabla ya kupimwa. Pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230, na ikiachwa kwenye 115 huku plagi ikichomekwa kwenye 220, kisanduku hupasuka kwa kishindo. Nyingi za kisasa hazina swichi hiyo; hupokea zenyewe volti 100 hadi 240.