Bonde la Zambezi: Maji ya Nchi Nane

Mto Zambezi huchimbuka kaskazini-magharibi mwa Zambia, karibu na Mwinilunga, na kuingia Bahari ya Hindi nchini Msumbiji baada ya takribani kilomita 2,700. Bonde lake linagusa nchi nane, Tanzania ikiwamo: mito ya Ruhuhu na Songwe humwaga maji Ziwa Nyasa, nalo ziwa huyapeleka Zambezi kupitia Mto Shire.

Thamani ya mto huu kiuchumi huonekana zaidi Kariba. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1959 baada ya Watonga wapatao 57,000 kuhamishwa, huzifulia umeme Zambia na Zimbabwe, na kila nchi hupangiwa nusu ya maji. Mwishoni mwa 2022 Zimbabwe ilikuwa imekwisha kutumia fungu lake lote la mwaka, ikaagizwa kusimamisha mitambo yake.

Kisha ikaja El Niño. Hali hiyo, ambayo Afrika Mashariki huikumbuka kwa mafuriko, kusini huleta ukame. Februari 2024 Zambia, inayopata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutokana na maji, ilitangaza janga la kitaifa. Mgawo wa umeme ukawaacha wengi gizani kwa saa nyingi kila siku.

Joto nalo lina sehemu yake. Linapopanda, ziwa pana kama Kariba hupoteza maji mengi zaidi kwa kugeuka mvuke, bila kuzungusha mtambo hata mmoja. Hata hivyo, nchi hizo mbili zimepanga bwawa jingine, Batoka, juu ya Kariba, litakalotegemea maji yale yale.