Foleni ya ujumbe

foleni ya ujumbe *nm* [i-/zi-] (wingi: *foleni za ujumbe*)

Maana

1. (Tehama) Utaratibu ambao taarifa zinazotoka katika kanzidata moja kwenda nyingine huwekwa mahali pa kati kwa mfuatano, zikisubiri mpaka mpokeaji awe tayari kuzichukua. *Mtandao ulipokatika, taarifa za zahanati zilibaki katika foleni ya ujumbe hadi asubuhi.*
2. Programu inayosimamia utaratibu huo. *Foleni ya ujumbe imewekwa katika seva ya wilaya.*

Asili

Neno *foleni* limetokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza, *fall in*, iliyowataka askari wajipange. Kutoka gwarideni liliingia dukani, hospitalini na katika vituo vya mabasi, likamaanisha mstari wa watu wanaosubiri zamu. Dar es Salaam limepata maana ya ziada ya msongamano wa magari, na kwa sababu hiyo wasikilizaji wengi hulichukulia kuwa jina la kero. Katika tehama hali ni kinyume: foleni ni dawa ya kero. Foleni inayosogea ni dalili ya mfumo wenye afya. Isiyosogea ndiyo ya kutiliwa shaka.

Maelezo

Kanzidata mbili zinaweza kuzungumza moja kwa moja: ya kwanza hutuma, ya pili hupokea na kujibu papo hapo. Mazungumzo ya namna hiyo huhitaji pande zote mbili ziwe macho kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukilala, wa pili husimama ukingoja, na kazi yote hukwama. Foleni huondoa sharti hilo. Mtumaji huacha ujumbe na kuendelea na shughuli zake. Mpokeaji huuchukua awezapo.

Umuhimu wake huonekana zaidi katika maeneo ya nyanda za juu za Kigoma, kama Kibondo na Kasulu. Kwa miaka mingi, kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa, wilaya hizi zilitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Vijiji viko mbalimbali, vilima huzuia mawimbi ya simu, na masika huzifanya barabara za udongo zisipitike kwa urahisi. Humo humo zimewekwa kambi za wakimbizi: Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, na Mtendeli wilayani Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na wakazi wake wakahamishiwa Nduta.

Uhamisho wa namna hiyo unatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Mfano ufuatao ni wa kueleza tu. Tuchukue kaya moja ya watu watano inayohama kutoka Mtendeli kwenda Nduta, na tuseme kila kambi ina kanzidata yake. Taarifa tatu zinapaswa kusafiri: (a) kaya imeondoka Mtendeli, (b) kaya imepokelewa Nduta, (c) mtoto amezaliwa na kuwa mtu wa sita, naye aandikwe katika kaya hiyo.

Taarifa (a) ikifika na (b) ikapotea njiani, kaya haipo popote. Siku ya mgawo mama anasimama mbele ya karani na kuambiwa kuwa jina lake halionekani, ilhali yeye mwenyewe amesimama hapo na mtoto mgongoni. Taarifa (b) ikifika mara mbili, kaya inahesabiwa mara mbili, na chakula cha watu watano kinapungua mahali pengine. Taarifa (c) ikiitangulia (b), kanzidata ya Nduta inamkataa mtoto kwa sababu haijaijua kaya yake. Makosa hayo matatu, yaani kupotea, kurudiwa na kupinduka kwa mfuatano, ndiyo ambayo usimamizi mzuri wa foleni hukusudia kuyazuia.

Kanuni za usimamizi

*Ujumbe uandikwe pamoja na tukio.* Karani akihifadhi kuondoka kwa kaya, kisha umeme ukakatika kabla ujumbe haujatumwa, kanzidata mbili zitakuwa na habari mbili. Njia salama ni kuandika badiliko na ujumbe wake katika muamala mmoja, ndani ya kanzidata ile ile, kwenye jedwali la ujumbe unaosubiri kutoka. Ama vyote viwili vinahifadhiwa, ama hakuna hata kimoja. Programu nyingine hupitia jedwali hilo na kuusafirisha ujumbe baadaye.

*Foleni ihifadhiwe diskini.* Foleni iliyomo katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta ni ya haraka, lakini hufutika umeme unapozimika. Panapokatika umeme mara kwa mara, kasi hiyo ni ya hasara.

*Ujumbe usifutwe kabla ya kuthibitishwa.* Mpokeaji hutoa stakabadhi baada ya kumaliza kazi, wala si mara tu anapoupokea ujumbe. Asipotoa, foleni humpelekea tena yeye au mwenzake.

*Kurudiwa kusidhuru.* Kanuni iliyotangulia ina gharama yake: stakabadhi ikipotea njiani, ujumbe uliokwisha kufanyiwa kazi utakuja tena. Basi kila ujumbe upewe namba yake ya pekee, na mpokeaji aweke orodha ya namba alizokwisha kuzishughulikia. Aidha, ni bora ujumbe useme «kaya ina watu sita» kuliko «ongeza mtu mmoja»: kauli ya kwanza ikirudiwa mara kumi haibadilishi kitu, ya pili huzaa watu wasiokuwapo.

*Mfuatano ulindwe pale tu unapohitajika.* Kulazimisha ujumbe wote upite mmoja mmoja hupunguza kasi bila faida. Taarifa za kaya moja ndizo zinazopaswa kufuatana. Kaya mbili tofauti hazina sababu ya kungojana. Foleni hugawanywa kwa namba ya kaya, kila kundi likashughulikiwa na mpokeaji mmoja, na makundi mengi yakaendelea sambamba.

*Ujumbe usafiri kwa mafungu.* Kila safari ya mtandao ina gharama yake, uwe ujumbe mmoja au mia. Penye mtandao hafifu, kutuma taarifa mia katika fungu moja lililobanwa ni nafuu kuliko safari mia. Fungu lisiwe kubwa mno, kwani likikatika njiani lote hurudi mwanzo.

*Majaribio yaachane.* Umeme ukirudi Kasulu saa kumi na mbili jioni, vituo vyote vikituma kwa dakika moja huiangusha seva iliyoamka punde. Kila kituo kisubiri muda usiolingana na wa jirani yake, na kila jaribio linaloshindwa lirefushe kusubiri.

*Ujumbe ulioshindikana utengwe.* Ujumbe wenye kasoro, kwa mfano wenye tarehe isiyokuwapo katika kalenda, ukirudishwa kila mara mwanzo wa mstari huwazuia walio nyuma. Baada ya majaribio kadhaa upelekwe katika foleni ya pembeni, ambako mtu atausoma na kuusahihisha. Usifutwe. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika kazi hii hata ujumbe wenye kasoro hauuawi, kwani nyuma yake yupo mtu.

*Umri upimwe pamoja na urefu.* Foleni yenye ujumbe elfu kumi inayosogea haina neno. Foleni yenye ujumbe watatu, wa mwanzo ukiwa na umri wa siku nne, ina tatizo. Msimamizi atazame kwanza umri wa ujumbe mkongwe kuliko wote, kisha urefu.

Zana

Miongoni mwa programu zinazotumika sana ni RabbitMQ, iliyotolewa mwaka 2007, na Kafka, iliyobuniwa katika kampuni ya LinkedIn na kuwekwa huru mwaka 2011. Ya kwanza hufuta ujumbe baada ya stakabadhi. Ya pili huuhifadhi kwa muda uliopangwa, hata mpokeaji mpya aweze kurudi nyuma na kusoma yaliyopita. Hata hivyo ofisi ndogo ya wilaya si lazima iwe na mojawapo. Kanzidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, ina amri ya *SKIP LOCKED*, ambayo humwezesha mpokeaji kuuruka ujumbe ulioshikwa na mwenzake na kuchukua unaofuata. Kwa amri hiyo jedwali la kawaida hugeuka foleni, na msimamizi anabaki na mfumo mmoja wa kutunza badala ya miwili.

Matumizi

*Foleni, mlolongo, msururu, rundo.* *Foleni* hubeba wazo la zamu: aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza. *Mlolongo* na *msururu* hueleza vitu vilivyofuatana bila kulazimisha zamu. Nchini Kenya *mlolongo* umehusishwa pia na upigaji kura wa mwaka 1988, wapiga kura walipopanga mstari nyuma ya wagombea wao. Katika kambi za Kigoma msomaji atasikia pia neno la Kirundi *umurongo*, linalofanana na *mlolongo* kwa umbo na maana. *Rundo* ni kinyume cha foleni: kilichowekwa mwisho ndicho kinachochukuliwa kwanza. Kuiita foleni *rundo* ni kosa la maana, wala si suala la mtindo.

*Ujumbe au jumbe?* Katika Kiswahili cha kawaida *ujumbe* hutumika bila kubadilika: *ujumbe mmoja, ujumbe mwingi*. Wingi *jumbe* umeenea kwa sababu ya simu za mkononi, nao unaeleweka. Katika maandishi rasmi tunapendekeza *ujumbe*, hasa kwa kuwa *jumbe* (wingi *majumbe*) ni cheo cha kiongozi wa kijiji kinachojulikana katika historia ya utawala wa Kijerumani. *Foleni ya majumbe* itakuwa mstari wa wazee.

*Mpokeaji, si mlaji.* Baadhi ya tafsiri humwita anayechukua ujumbe *mlaji*. Neno hilo lina mahali pake katika uchumi, lakini hapa hupotosha, maana kinacholiwa huisha, na katika mifumo kadhaa ujumbe uliosomwa hubaki. Tumia *mpokeaji*, ikiwa anaufanyia kazi, *mchakataji*.

*Kanzidata au hifadhidata?* Yote mawili ni sahihi. Mwandishi achague moja na kulishikilia hadi mwisho wa andiko lake.

*Vitenzi.* Ujumbe *huwekwa* au *hupangwa* katika foleni. Foleni *husogea*, *hurundikana* au *hukwama*. *Kuruka foleni*, ambako kwa watu ni utovu wa adabu, katika tehama kunaweza kuwa utaratibu halali: taarifa ya mgonjwa wa dharura anayepelekwa Hospitali ya Maweni mjini Kigoma haipaswi kungoja nyuma ya ripoti ya mwezi. Kwa hali hiyo sema *foleni ya kipaumbele*.

Mifano ya matumizi

- *Umri wa ujumbe mkongwe katika foleni ya Kibondo umevuka saa sita. Kagua kiungo cha mtandao.*
- *Taarifa hizi zikirudiwa hazitadhuru, kwa kuwa kila moja ina namba yake.*
- *Kabla ya kufunga seva ya zamani, hakikisha foleni yake imekwisha.*

Sentensi ya mwisho ina funzo la kiutendaji. Kambi, zahanati au ofisi inapofungwa, kompyuta zake huzimwa kwa haraka kuliko foleni zake zinavyomalizika. Yaliyobaki humo ni kuzaliwa, kuhama na kufa kwa watu ambako hakuna kanzidata nyingine iliyokwisha kukupokea.

Tazama pia: *kanzidata, mfuatano, muamala, rundo, stakabadhi, ujumbe.*