Mizani Ishirini za Ufufuo

Wapenzi wa lugha, leo naomba niwatoe kidogo katika tenzi na mashairi yetu niwapeleke Japani, kwenye jambo ambalo mwalimu mstaafu wa umri wangu hatarajiwi kulisemea: mchezo wa video. Mjukuu wangu ndiye aliyeniingiza humo. Alikuwa akinisimulia habari za Dragon Quest, nami nikimwitikia kwa adabu tu, mpaka alipotaja hesabu ya herufi: tano, saba, tano, tatu. Hapo nikavua miwani, nikamwambia arudie.

Dragon Quest ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Enix tarehe 27 Mei 1986, ikichezwa kwenye mashine iitwayo Famicom. Mtunzi wake ni Yuji Horii, aliyetokea katika uandishi wa magazeti. Koichi Nakamura alishughulikia programu, Akira Toriyama akachora wahusika na mazimwi, naye Koichi Sugiyama akatunga muziki. Kisa chenyewe kingeweza kusimuliwa na bibi zetu jikoni: shujaa anatoka peke yake kumwokoa binti mfalme na kuikomboa nchi kutoka kwa mtawala wa majoka. Ila ghala la kukiweka lilikuwa finyu. Kaseti nzima ilibeba kilobaiti 64 tu. Picha, muziki na maneno vyote vijibane humo.

Mbali na herufi zenye asili ya Kichina, Wajapani wana mifumo miwili ya herufi za silabi: hiragana kwa maneno ya kawaida, na katakana hasa kwa majina na maneno ya kigeni. Yote miwili haikuenea katika kaseti. Horii akabaki na katakana 20 hivi, na kwa hizo akaunda majina ya mazimwi na maneno ya uganga. Ndipo lilipozaliwa neno Hoimi, la kuponya majeraha. La kuponya zaidi likawa Behoimi. Gira hurusha moto. Begirama hurusha moto mkali zaidi. Hayakuwa maneno ya kamusi yoyote, lakini mtoto aliyeyasikia alihisi undugu wake, kama sisi tunavyohisi undugu wa pona, ponya na ponyeka.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kumbukumbu. Kaseti haikuwa na pa kuhifadhi safari ya mchezaji. Akizima mashine, yote aliyoyachuma yamepotea. Dawa yake ikawa Fukkatsu no Jumon, yaani uganga wa ufufuo. Mchezaji alikwenda kwa mfalme, mfalme akamtajia hiragana 20, naye akazinakili kwenye karatasi. Kesho yake akiziingiza tena, shujaa anafufuka na nguvu na dhahabu yake. Herufi hizo zilikuwa hesabu iliyofichwa tu, hazikuwa na maana ya kusomeka. Hata hivyo zilipangwa 5, 7, 5, kisha 3. Hiyo 5, 7, 5 ni mizani ya haiku, iliyomo masikioni mwa kila Mjapani tangu shuleni. Nao huhesabu kama sisi: n yao isiyo na irabu ni mizani kamili, sawa na m ya mtu. Basi kisicho na maana kikapewa mwendo wa shairi, na ulimi ukakikubali.

Mchezo wa pili, wa mwaka 1987, ulirefusha uganga huo hadi herufi 52, na vilio vikaanza. Herufi moja ikikosewa, shujaa hafufuki. Kwenye runinga zenye ukungu, vijistari viwili vya ba vilifanana mno na kiduara cha pa. Waliowahi kusoma miswada ya tenzi zetu kwa hati za Kiarabu, ambamo be moja ilisimamia b, p na hata mb, watawahurumia watoto hao.

Mwaka 1988 mchezo wa tatu ulikuja na betri ndani ya kaseti. Kunakili kukaisha, kaseti yenyewe ikakumbuka. Lakini ilitokea pia kumbukumbu hiyo ikafutika ghafla, na safari hii hapakuwa na karatasi wala mwenye kukariri.

Nami limenifika. Miaka mingi iliyopita mvua ilivuja ndani ikalowesha daftari la mashairi yangu ya ujanani, wino ukawa madoa. Nilipoketi kuyaandika upya, yaliyorudi ni yale yenye mizani kamili na vina vilivyotulia. Yale niliyoyalegeza kwa haraka hayajarudi hadi leo.

Vijana huniuliza mizani ni ya kazi gani siku hizi, ilhali simu huhifadhi kila kitu. Sina hoja ndefu. Nawaomba tu wazime simu, kisha waniambie shairi lao la mwisho.