Mabishano ya Ibada za Kichina

Mabishano ya Ibada za Kichina ni mzozo uliodumu zaidi ya karne moja ndani ya Kanisa Katoliki. Hoja ilikuwa moja: je, Mchina aliyebatizwa anaruhusiwa kuendelea kuwaheshimu wazee wake waliofariki na mwanafalsafa Konfusio kwa desturi za kwao?

Chanzo

Padre Mjesuiti Matteo Ricci (1552–1610), mzaliwa wa Macerata, Italia, aliwasili Macau mwaka 1582. Mwanzoni alivaa kama mmonaki wa Kibudha, lakini mwaka 1595 akavaa joho la wasomi, kwa kuwa ndio waliosikilizwa. Alijifunza Kichina kwa subira hata akatunga vitabu. Kilicho maarufu zaidi, cha mwaka 1603, ni mazungumzo ya msomi wa Kichina na msomi wa Magharibi, ambamo hoja hujibiwa kwa hoja. Mwaka 1601 alihamia Beijing, alikofia. Kwake, kuinama na kuchoma udi mbele ya kibao chenye jina la marehemu kulikuwa adabu ya mtoto kwa mzazi.

Mzozo

Wadominiko na Wafransisko waliofika miaka ya 1630 waliona humo tambiko tupu. Mwaka 1645 Roma ilikataza desturi hizo; mwaka 1656, baada ya kuwasikiliza Wajesuiti, ikaziruhusu. Mwaka 1659 iliwaagiza wamisionari wa Asia wasiwalazimishe watu kuacha mila zisizopingana waziwazi na dini na maadili.

Kaisari Kangxi wa China aliruhusu Ukristo mwaka 1692. Mwaka uliofuata Charles Maigrot, mkuu wa Kanisa Fujian, alipiga marufuku desturi hizo katika eneo lake. Mwaka 1706 Kangxi alimhoji mwenyewe. Maigrot akashindwa kusoma herufi nne zilizokuwa juu ya kiti cha enzi. Alifukuzwa nchini, na wamisionari wakatakiwa kuchukua hati ya kukubali kufuata njia ya Ricci.

Papa Klementi XI alikataza desturi hizo mwaka 1704 na tena 1715. Kaisari Yongzheng alipiga marufuku Ukristo mwaka 1724. Papa Benedikto XIV alifunga mjadala mwaka 1742 kwa kuthibitisha katazo.

Waumini

Wachina waliobatizwa waliachwa wachague kati ya Kanisa na ukoo.

Baadaye

Tarehe 8 Desemba 1939, chini ya Papa Pius XII, Roma iliondoa katazo hilo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika dini. Desemba 2022 Papa Fransisko alitambua fadhila za kishujaa za Ricci.